Vidoti Kumi na Kimoja

Ungemwamsha Sadala usingizini ukamwuliza leo ni siku ya ngapi ya mwaka, angekujibu kabla hajafumbua macho. Si tarehe ya kwenye simu, hapana. Hiyo aliwaachia wengine. Yeye alihesabu mwaka wa babu yake, ule unaoanza siku ya kuoga mwaka, katikati ya Julai, ukaenda kwa miongo, yaani siku kumi kumi, mpaka zitimie mia tatu sitini na tano, kisha ukaanza tena. Nyumbani kwake Kwamgunga, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Handeni mjini, kwenye nguzo ya kati ilining'inia kamba ya katani. Kila muongo ukiisha alifunga fundo. Mwaka ukiisha aliyafungua mafundo yote na kuanza upya. Babu yake alifanya hivyo, baba yake akafanya hivyo, naye akafanya hivyo, wala hawakuwahi kuruka hata siku moja. Jambo hilo alijisifia mno. Mkewe Mwantumu alikuwa amechoka kulisikia.

"Leo siku ya ngapi, Baba Husna?" Mwantumu alimwuliza kila asubuhi akimpa chai. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, swali lilelile. Zamani aliuliza kwa mapenzi. Siku hizi aliuliza tu kwa sababu asipouliza mumewe angemwambia hata hivyo.

Kamba hiyo ilikuwa na mama yake, naye ni kitabu. Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa mkono na babu, Mzee Sabiri, kwa herufi za Kiarabu, mahali Kiarabu na mahali Kiswahili. Kilikaa ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi, kwenye kichanja cha juu ya jiko, moshi ukizuie kuliwa na wadudu. Ukurasa wa katikati ulikuwa na duara kubwa lenye maduara mengine ndani yake. Ndani kabisa palichorwa nyota ndogo zilizosongamana, kile Kilimia ambacho wakulima wote wanakijua. Likafuata duara la buruji kumi na mbili, yale makundi ya nyota ambamo jua hupita, kisha la nyumba ishirini na nane za mwezi, kisha la miongo. Na kwenye muongo wa ishirini na mbili, babu aliweka nukta moja ya wino mwekundu. Hata mtoto wa Kwamgunga angekuambia maana ya nukta ile. Ni siku ya kupanda.

Ajabu ni kwamba Sadala hakuweza kukisoma. Alihifadhi sura zake za kuswalia, basi. Baba yake pia hakuweza. Lakini mtu akikigusa kitabu kile bila kunawa mikono, weee, Sadala alikuwa radhi wagombane.

Sasa sikiliza hali ilivyokuwa mwaka huo. Vuli mbili zilikataa na masika iliyokuwa katikati yake ikakataa. Mbuzi waliisha. Kuku waliisha. Kilichobaki katika nyumba ya Sadala kilikuwa debe moja la mahindi meupe yaliyochanganywa na majivu, mbegu ambayo Mwantumu alipewa na mama yake siku alipoolewa, na ambayo kila mavuno alitenga nyingine kutokana nayo. Watoto wa jirani walipolia njaa, Mwantumu aliwapa uji wa pumba, debe hakuligusa. Yeye mwenyewe alilala bila kula, debe hakuligusa. Ndilo lililokuwa shamba lao lote, limewekwa uvunguni mwa kitanda.

Bwana shamba alikuwa amepita mwezi wa kumi na moja akiandikisha watu wanaotaka mbegu ya msaada. Mwantumu alishafika mlangoni na kitambulisho mkononi. "Rudi ndani," Sadala akamwambia. "Waache waandikishe wasiokuwa na kitabu." Bwana shamba alicheka, akapita.

Mwezi wa pili ulipoingia, binti yao Husna alikuja kutoka Kabuku, alikoolewa na anakofundisha madrasa. Huyu alisoma, tena sawasawa. Baba yake alimwita makusudi ili asome ukurasa ule neno kwa neno, maana mwaka huu hapakuwa na nafasi ya kubahatisha. Walikaa ukumbini, kitabu juu ya mkeka, Husna kainama na kioo cha kukuzia alichoazima kwa mwalimu mwenzake.

Alisoma buruji. Alisoma nyumba za mwezi. Alifika kwenye nukta nyekundu, akasoma, "Hapa mbegu iingie ardhini, mvua iko njiani." Sadala alifurahi hadi akapiga paja lake.

"Nilikuambia! Umesikia, Mama Husna? Njiani!"

Lakini Husna hakuinua kichwa. Pembeni kabisa mwa duara la nje kulikuwa na vidoti vidogo vyeusi vilivyopangwa mstari, kisha mstari ukakatika, na mbele yake palibaki karatasi tupu.

"Baba, na hivi vidoti?"

"Mapambo."

"Vimeandikwa chini yake. Maandishi madogo sana. Hiki kinasema, ngoja siku moja. Na hiki, ngoja siku moja." Akahesabu kwa ncha ya kijiti. "Viko kumi na kimoja, na vyote vinasema hivyohivyo."

"Mawaidha hayo, mwanangu. Babu alikuwa mtu wa subira. Wazee wa zamani kitabu hawakiachi bila mawaidha."

"Mara kumi na moja, baba?"

"Alikuwa anasisitiza."

Husna alitaka kusema neno jingine. Alimtazama mama yake, mama yake akamtazama yeye, na yeye akafunga mdomo. Ndivyo walivyolelewa, na siku hiyo malezi hayo yaliwaponza.

Siku ya mia mbili na ishirini, ile ya nukta nyekundu, ilifika. Bernadina, mjane wa nyumba ya pili, alikuja tangu alfajiri na mbegu zake kwenye kapu. Hakuwa Mwislamu, kitabu kile hakikuwa chake, lakini mumewe marehemu alikuwa akipanda kwa kumfuata baba yake Sadala, na yeye hakuona sababu ya kuacha.

"Nimekuja kukuuliza tu, kaka. Ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

"Mbona juu kweupe?"

"Dada yangu, si mimi niliyeandika. Ngoja uone."

Basi, kwa uzito wa yaliyofuata, afadhali mvua ile isingenyesha. Ilinyesha. Adhuhuri wingu liliota upande wa Korogwe, likaja, likamwaga maji saa mbili nzima. Wanawake walipiga vigelegele. Bernadina alicheza kwenye tope, mama mzima wa miaka sitini. Sadala alisimama uani kichwa wazi analia, wala hakuona haya. Kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuuza mbuzi zao, walimwita Mwalimu, jina walilomwita babu yake.

Walienda shambani palepale. Sadala alichimba, Mwantumu akadondosha punje tatu tatu, Husna akafukia. Ilipofika alasiri Sadala aligundua kwamba mkewe ameacha bakuli moja la mbegu nyumbani, amelifunika kwa kawa.

"Lile bakuli la nini?"

"La kupandia mapengo, ikitokea. Si kila mwaka tunapandia?"

"Mwaka huu hatupandii. Hakuna cha kupandia. Nukta haikusema panda nusu, Mwantumu."

"Bakuli moja tu, Baba Husna."

"Ukiacha bakuli unamwambia Mungu humwamini. Lete."

Alilileta. Alizidondosha punje zile polepole sana, mstari wa mwisho ulio karibu na mti wa mkwaju. Bakuli lilirudi tupu.

Kesho yake jua likatoka. Na keshokutwa. Siku ya tano mahindi yalichipua, mazuri, yamenyooka mistari shamba zima, na watu wakapita barabarani wakisifia. Siku ya nane ncha za majani zilianza kujikunja. Siku ya kumi ardhi ilipasuka kati ya mistari. Bernadina hakuja tena kuuliza. Alisimama kwake na Sadala kwake, wakitazama mashamba yao bila kusalimiana, maana salamu ingefuatiwa na swali.

Husna alishaondoka. Alipiga simu kutoka Kabuku.

"Baba, kuna bibi wa Kihindi pale Korogwe, Bibi Damayanti, anauza vitambaa. Mimi nilinunua kwake sare za madrasa. Ukutani ana kalenda ya kwao, ina nyumba za mwezi kama zile za kitabu. Mwonyeshe vile vidoti."

"Mhindi atajua nini kuhusu mvua ya Handeni?"

"Baba," Husna akasema, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilimpandia, "wewe unajua nini?"

Sadala alikata simu. Saa nzima alikaa na hasira, kisha hasira ikaisha na woga ukabaki. Siku ya kumi na mbili alipanda basi la Korogwe, kitabu kifuani ndani ya koti.

Bibi Damayanti alizaliwa Korogwe, alizeekea Korogwe, na Kishambaa chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wengi wa Lushoto. Sadala alimkuta anakunja vitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kitambaa cha nini?"

"Sikufuata kitambaa, mama. Binti yangu Husna, yule mwalimu wa madrasa, ndiye aliyeniagiza. Nina kitabu."

Alinawa mikono kabla ya kukigusa, na hilo peke yake lilimfanya Sadala ampende. Alikifungua juu ya meza ya kupimia vitambaa, akavaa miwani. Herufi hakuzijua, ila michoro aliisoma kama mtu anayeingia nyumba ya jirani.

"Hizi nyumba za mwezi. Sisi tunazo ishirini na saba, nyinyi mna ishirini na nane, haidhuru. Hapa jua. Hapa miongo yenu. Nani alichora? Alikuwa fundi, baba."

"Babu yangu."

"Na hivi vidoti?"

"Ma..." Neno mapambo lilimkwama. "Vimeandikwa, ngoja siku moja. Vyote. Viko kumi na kimoja."

Bibi Damayanti alivua miwani. Akauliza, "Mwaka wenu una siku ngapi?"

"Mia tatu sitini na tano. Hatujawahi kuruka hata moja, mama. Tangu babu. Kamba ipo."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Eh, baba." Alivuta kigoda akaketi. "Jua halimalizi safari yake kwa siku mia tatu sitini na tano kamili. Linabakiza robo ya siku. Miaka minne, siku nzima. Wengine siku hiyo wanaiweka Februari. Sisi mwaka wetu wa mwezi unakimbia zaidi, kwa hiyo kila miaka miwili mitatu tunaongeza mwezi mzima, la sivyo Diwali ingeondoka mahali pake. Babu yako naye alijua. Kila mwaka wa nne siku moja hakuihesabu kwenye kamba. Aliingoja ipite, akaweka kidoti. Kumi na moja mara nne, miaka arobaini na minne." Akagusa karatasi tupu baada ya kidoti cha mwisho. "Alipokufa, nani aliendelea kungoja?"

Sadala alikitazama kidoti cha mwisho.

"Hakuna," akasema.

"Alifariki mwaka gani?"

"Arobaini na sita."

Bibi Damayanti alihesabu kwa kidole gumba, akipita pingili za vidole vyake moja moja, midomo ikitembea. Aliporudia mara ya pili Sadala alijua jibu si zuri.

"Kumi na tisa. Kamba yenu imetangulia siku kumi na tisa. Umepanda lini?"

"Leo siku ya kumi na mbili."

"Basi bado saba." Alisema kwa sauti ndogo. "Umebakiza mbegu?"

Sadala alitikisa kichwa. Bibi Damayanti aliagiza chai, ikaja, ikapoa. Alitafuta la kumwambia, mama wa watu, na akapata lile ambalo asingepaswa kulipata.

"Kitabu chako hakina kosa hata kidogo, baba."

Ndani ya basi la kurudi Sadala alikumbuka mambo. Alikumbuka baba yake akipanda, mbegu kiasi zikakauka, akapandia tena na kulaumu kanga wa porini. Akakumbuka yeye mwenyewe akipandia kila mwaka, akilaumu panya, akilaumu mchwa, mwaka mmoja akamlaumu hadi mama mkwe wake kwa jicho baya. Kila mwaka kamba iliwahi kidogo zaidi, na kila mwaka walifunika tofauti hiyo kwa bakuli moja la mbegu. Hapo kwenye bakuli alishindwa kuendelea kufikiri. Abiria wa pembeni alimwuliza kama anaumwa. Alisema ndiyo.

Mwantumu alimsikiliza hadi mwisho, ameshika mwiko.

"Siku saba," akasema.

"Saba."

"Yatafika?"

Hakumlaumu. Sadala alikuwa amejiandaa kulaumiwa, hata maneno ya kujitetea alikuwa nayo, na sasa hakujua ayapeleke wapi. Mwantumu alichukua ndoo akaenda lamboni. Maji ya lambo yalikuwa ya kunywa watu na ng'ombe tu, mwenyekiti wa kijiji alishatangaza, kwa hiyo alimwagilia yale aliyooshea vyombo na yale waliyotawadhia. Yalitosha mstari mmoja. Alichagua ule wa mwisho, wa karibu na mkwaju. Sadala alikata matawi akautengenezea kivuli, wakakaa chini yake mchana kutwa kuwafukuza kanga, wazee wawili na mstari mmoja wa mahindi.

Walimpigia simu dada yake Mwantumu aliyeolewa Makuyuni. Yeye mbegu alikuwa nayo ya kwake tu, nayo kidogo, na watoto saba. Sadala alikwenda Handeni mjini kwa bwana shamba. Orodha ilishafungwa na mifuko ilishagawiwa. Bwana shamba hakucheka safari hii, na hilo lilimuuma Sadala zaidi.

Kwa Bernadina alikwenda mwenyewe kumweleza. Alisimama mlangoni, akaeleza vidoti, robo ya siku, babu, Bibi Damayanti, yote. Bernadina alisikiliza mikono kifuani.

"Kwa hiyo mvua inakuja," akasema.

"Inakuja."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

Bernadina alitazama shamba lake lililokuwa jekundu tupu, kwa maana mahindi yake yalishakufa tangu juzi. "Ungeniambia hujui, Sadala," akasema. "Ningekuelewa." Akaingia ndani.

Mstari wa mkwaju ulivumilia hadi Jumatatu. Jumanne asubuhi Mwantumu aliyashika majani, yakavunjika vidoleni. Alikwenda shina hadi shina, mstari mzima, akishika, na alipofika mwisho alirudi nyumbani akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Husna alipiga simu jioni hiyo. Alisema wavichore vile vidoti kumi na tisa vilivyopungua, ili watakaokuja wasipotee tena. Sadala alisema sawa. Alikishusha kitabu, akatafuta kalamu, akakaa nacho mapajani mbele ya ukurasa ule. Alijiuliza hao watakaokuja watakula nini hadi wafike. Akakirudisha kichanjani bila kuandika kitu.

Alhamisi kulipambazuka giza. Haikuwa mvua ya saa mbili. Ilianza taratibu, ikatulia, ikakaza, mvua ya masika yenyewe, ya kuingia ardhini kabisa. Kilima chote kilinukia udongo. Mifereji ikajaa, vyura wakaanza, na upande wa pili wa barabara watu walioandikishwa na bwana shamba wakatoka na majembe na mifuko yao, wakiitana kwa furaha. Babu hakukosea hata siku moja.

Sadala aliketi kwenye baraza. Mbele yake shamba lilikunywa maji, laini, tayari, mashimo bado yanaonekana. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta kwa sababu alilitoa nje kwa mazoea, kabla hajakumbuka. Aliona aibu kulirudisha ndani na aliona aibu kuliacha pale.

Mwantumu alitoka na chai, ya rangi, isiyo na sukari. Alimpa. Akasimama kando yake akitazama mvua.

"Leo siku ya ngapi, Baba Husna?"

Hakuuliza kwa kumsimanga. Aliuliza tu, kama kila siku. Sadala alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Leo ndiyo siku ya kupanda," akasema.

Mwantumu aliitikia kwa kichwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile bakuli, akaliweka chini ya michirizi ya paa likinge maji.